Mkanda unalia asubuhi, puli ya chini inayumba: nianzie wapi?

Swali: "Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, injini EJ20 yenye turbo, gia za mkono. Nipo Arusha. Tangu baridi ya Juni ianze, kila asubuhi nikiwasha gari inapiga mluzi mkali kama sekunde kumi hivi, kisha inatulia. Nikikata stelingi hadi mwisho wakati wa kuegesha, inalia tena. Miezi miwili iliyopita fundi aliniwekea mkanda mpya, na kelele iliporudi akaupaka sabuni ya kipande. Ikanyamaza siku mbili tu. Fundi mwingine ananishauri nibadilishe puli zote, tena niweke zile nyepesi za alumini kwa sababu zinaongeza nguvu. Jambo jingine: mkanda wa taiming ulibadilishwa Novemba iliyopita, na siku hizi injini ikiwa inaunguruma naona puli kubwa ya chini inayumba kidogo. Nibadilishe nini kwanza, na je, naweza kuendelea kuitumia gari wakati natafuta pesa?"

Jibu:

Ndugu msomaji, umeuliza habari za mluzi, lakini lililonishtua ni hilo uliloliweka mwishoni kama nyongeza. Mluzi unaweza kusubiri mshahara. Puli ya chini inayoyumba haiwezi. Kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho: hapana, usiendelee kuitumia gari. Iegeshe, na usiiwashe tena mpaka boliti ya puli hiyo ikaguliwe.

Sababu ni hii. Hiyo puli yako ya chini ni puli ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, na katika EJ20 imeshikwa na boliti moja kubwa, yenye kichwa cha soketi namba 22. Nyuma yake, kwenye ncha hiyohiyo ya krenki, kuna gia inayozungusha mkanda wa taiming, ule unaooanisha valvu na pistoni. Kii, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shafti, kazi yake ni kuweka vitu mahali pake tu. Kinachobeba nguvu yenyewe ni mbano wa ile boliti. Boliti isipokazwa inavyotakiwa, kila mpigo wa injini unaisogeza puli kiasi cha unywele, mbele na nyuma, mara maelfu kwa dakika. Kii inaanza kuliwa, mfereji unapanuka, na mwisho gia ya taiming nayo inapata nafasi ya kucheza. EJ20 yenye turbo ni injini ambayo taiming ikihama valvu hukutana na pistoni. Hapo hatuongelei tena mkanda na puli, tunaongelea kushusha injini.

Na umesema mwenyewe kwamba taiming ilifanywa Novemba. Kazi hiyo haifanyiki bila kuitoa puli ya chini. Boliti iliyorudishwa kwa kukisia, au kwa kuibonda na bunduki ya upepo bila kupimwa, ndiyo ya kwanza kushukiwa puli inapoanza kuyumba miezi michache baadaye.

Siyo sababu pekee, lakini. Puli ya asili ya gari hii ina tabaka la mpira kati ya kitovu na ukingo wa nje wenye mifereji. Mpira huo ukizeeka au ukilowa oili unaachia, ukingo unaanza kucheza peke yake wakati kitovu kimekaa imara. Kuna pia puli iliyopinda kwa sababu mtu aliing'oa kwa kuigonga nyundo pembeni.

Kutofautisha si kazi kubwa. Zima gari, toa ufunguo, chomoa waya wa hasi wa betri, maana feni za rejeta ni za umeme na ziko karibu sana na mikono yako. Shika ukingo wa puli kwa mikono miwili, saa tisa na saa tatu, uitikise. Ikitoa mchezo pamoja na kitovu, au ukisikia "tk, tk", boliti imelegea. Kitovu kikikaa imara ukingo ukacheza, ni mpira. Kama huoni kitu, chora mstari wa chaki kuanzia kitovuni, ukatize mpira hadi ukingoni. Kisha, endapo tu boliti imepimwa na iko sawa, injini iungurume dakika chache na gesi ikanyagwe mara mbili tatu. Mstari ukikatika, nusu yake ikahama, mpira umeachia na puli hiyo haina tiba isipokuwa kubadilishwa.

Ukikuta boliti imelegea, kuna kosa moja ambalo naomba sana lisifanyike: kuikaza tu na kuondoka. Itoe puli uangalie ndani. Unatafuta unga mwekundu kama kutu iliyosagwa, kii iliyolika upande mmoja, mfereji uliopanuka, na alama za kusuguana kwenye uso wa gia ya taiming. Vyote vikiwa safi, umeokoka: weka boliti mpya, ipake oili ya injini kwenye nyuzi na chini ya kichwa, kisha kaza kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Kipimo kinategemea mwaka na toleo. Katika familia hii ya injini kinaanzia takribani 127 N·m hadi 180 N·m, kwa hiyo chukua kile kilichoandikwa kwenye mwongozo wa gari lako hasa, usichukue cha jirani. Ukikuta kii imelika au mfereji wa krenki umepanuka, acha hapohapo. Hiyo inahitaji karakana yenye mtu wa mashine wa kupima shafti, na kifuniko cha taiming kifunguliwe ili alama zihakikiwe kabla injini haijazungushwa hata mara moja.

Kuizuia krenki isizunguke wakati wa kukaza: gari lako ni la gia za mkono, kwa hiyo weka gia ya tano, vuta breki ya mkono, weka magogo kwenye magurudumu, na mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu zake zote. Kile kifaa maalumu cha kushika puli ni bora zaidi kama unaweza kukiazima. Ule ujanja wa kuegemeza spana kwenye fremu kisha kupiga stata ili boliti ifunguke, uachie wengine. Spana ikichomoka inavunja rejeta, au mkono.

Sasa mluzi.

Watu wengi huamini mkanda ukilia ni mkavu, unahitaji kitu cha kuulainisha. Ni kinyume chake. Mkanda wako una mbavu nyembamba zinazojikaba ndani ya mifereji ya puli, na kazi yote hufanywa na pande za mbavu hizo kung'ang'ania chuma. Mluzi ni sauti ya mkanda kuteleza juu ya puli, kushika, kuteleza, kushika, kwa kasi kubwa. Sabuni inajaza mifereji, inanyamazisha ule mtetemo siku moja mbili, halafu inakusanya vumbi la barabarani na kugeuka kuwa kitu cha kusagia. Makopo ya dawa ya mkanda yana hatima hiyohiyo, na mafuta ya kupenyeza kutu ni mabaya zaidi kwa sababu yanashambulia mpira wenyewe. Mkanda uliokwisha kupakwa vitu hivyo haufai kuokolewa. Mpya wako wa miezi miwili, kwa masikitiko, ni wa kutupwa.

Kwa nini unalia asubuhi na kwenye stelingi tu? Kwa sababu mkanda huteleza pale mzigo unapozidi mshiko. Gari lako lina mikanda miwili. Wa mbele unazungusha alteneta, yaani jenereta inayojaza betri, na pampu ya stelingi. Wa nyuma yake, karibu zaidi na injini, unazungusha kompresa ya A/C. Alteneta ina puli ndogo kuliko zote, mkanda unaigusa eneo dogo, na dakika za kwanza baada ya stata ndipo inapodaiwa umeme mwingi kujaza betri. Ongeza umande na mpira ulioganda kwa baridi, unateleza. Stelingi nayo ikifika mwisho, pampu inasukuma oili isiyo na pa kwenda mpaka valvu ya kupunguza shinikizo ifunguke, na puli yake inakuwa nzito ghafla. Dalili zako zote mbili zinaelekeza kwenye mkanda wa mbele. Puli ya chini ikishapona, washa A/C injini ikiwa imeshapata moto: sauti isipobadilika, mkanda wa nyuma hauna kesi.

Huu ni mluzi mrefu, na nautofautisha na mlio mfupi wa kurudiarudia kama wa kifaranga, "chwi, chwi, chwi", unaofuata mwendo wa injini. Mlio wa kifaranga kwa kawaida unatokana na puli zisizo kwenye mstari mmoja, kwa hiyo puli inayoyumba huweza kuuleta. Kama unasikia vyote viwili, una matatizo mawili. Jaribio la maji linasaidia, ila lifanye baada ya puli ya chini kupona: injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila gesi kukanyagwa, mikono ya shati imekunjwa, rushia maji kidogo kwa chupa kwenye upande wa mbavu. Sauti ikizidi, mkazo hautoshi. Ikinyamaza sekunde chache kisha ikarudi, tafuta puli iliyo nje ya mstari. Kwa hilo la pili weka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli uone inapoachia mwanga. Mara nyingi utakuta spesa au washa ya alteneta haikurudishwa upande wake.

Tuhuma yangu kubwa kuhusu mkanda wako mpya ni kwamba haukukazwa mara ya pili. Gari hili halina kikazio cha springi kinachofuata mkanda unapolegea. Mkazo unawekwa kwa mkono, na mkanda mpya hujilaza kwenye mifereji ndani ya dakika za mwanzo na kupoteza sehemu ya mkazo. Ndiyo maana mwongozo una vipimo viwili. Ukiubonyeza mkanda wa mbele katikati ya sehemu ndefu ya juu kwa nguvu ya 98 N, yaani kama kilo 10, mpya ushuke mm 7 hadi 9, na uliokwisha tumika mm 9 hadi 11. Wa nyuma ni mm 7.5 hadi 8.5 ukiwa mpya, na mm 9 hadi 10 ukiwa umetumika. Kidole gumba hakiwezi kuhisi tofauti ya milimita mbili. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama au mzigo, ining'inize kwenye mkanda, vuta hadi isome 10, na mtu wa pili apime kwa rula ni kiasi gani mkanda umetoka kwenye mstari wake. Ule mtindo wa kuupinda mkanda robo mzunguko unadanganya kwenye mikanda mifupi kama hii.

Wala usikimbilie kukaza mpaka kelele iishe. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hunyamaza vizuri sana, huku ukizivuta beringi za alteneta na pampu upande mmoja mchana kutwa. Baada ya miezi unasikia mvumo mzito, kisha unanunua alteneta.

Kabla ya kuweka mkanda mwingine, hakikisha hakuna kinachoulowesha. Kwenye gari hili nitaanzia kwenye pampu ya stelingi, kwa sababu iko juu na ikivuja inauvujia mkanda wa mbele moja kwa moja. Pete ya mpira kwenye paipu ya kuingizia oili hukakamaa na umri: inavuta hewa, oili kwenye chupa inatoa povu, pampu inalalamika, na tone moja moja linashuka. Pete yenyewe ni kitu kidogo cha bei ndogo. Angalia pia sili ya mbele ya krenki na zile za kamshafti, shafti zinazofungua valvu. Ukiona oili inatoka chini ya kifuniko cha taiming, hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyoulainisha mpira wa puli, na haitoshi kupangusa.

Pima na betri. Ikiwa imepumzika usiku kucha isome karibu V 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya V 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka inaifanya alteneta ifanye kazi nzito muda mrefu zaidi kila asubuhi, na mkanda ndio unaolipa.

Kuhusu kubadilisha puli zote: mkanda wa mbele una puli tatu tu, ya krenki, ya alteneta na ya pampu. Wa nyuma una ya krenki, ya kompresa na ile puli ya kukazia isiyo na kazi nyingine. Hazifi pamoja. Mikanda ikiwa imetoka, zungusha kila moja kwa mkono. Inayokwaruza, inayozunguka kwa uhuru kupita kiasi kama kichezeo kilichokauka grisi, au inayocheza pembeni, ndiyo mgonjwa. Puli ya kukazia ya A/C huwa ya kwanza, na wakati mwingine ni beringi yake tu inayohitaji kubadilishwa. Soma namba kwenye sili ya beringi. Ikiandikwa 6203, kwa mfano, maana yake tundu ni mm 17, nje mm 40, unene mm 12. Nunua yenye sili za mpira pande zote mbili, na wakati wa kuipachika sukuma ukingo wa nje tu. Ukisukuma wa ndani unaumiza gololi kabla hazijaanza kazi. Puli ambayo kuta za mifereji zimelika hadi mbavu za mkanda zinagusa chini, hiyo badilisha hata kama beringi ni nzima, kwa sababu mkanda hautakabwa tena.

Zile nyepesi za alumini nazielewa mvuto wake, gari hili linaalika mambo hayo. Ukweli ni kwamba uzito ukipungua injini hupanda mzunguko haraka kidogo, lakini nguvu yenyewe haiongezeki kwa kiasi utakachokihisi njia ya kwenda Moshi. Unachopoteza ni lile tabaka la mpira linalotuliza mtetemo kabla haujafika kwenye mikanda. Zile zenye kipenyo kidogo kuliko cha asili huipunguzia mwendo alteneta: taa zinafifia kwenye sailensa, na urefu wa mkanda nao unabadilika. Alumini isiyo na tabaka gumu la juu pia inaliwa upesi na vumbi. Kwa gari la kila siku, pesa hiyo nunulia puli ya krenki ya asili yenye mpira mzima. Ya mtumba uikubali tu ukishaujaribu mpira wake na kukagua mfereji wa kii.

Kazi yenyewe, puli ya chini ikishapona, ni ya saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Fungua kifuniko cha plastiki cha mikanda. Kwa wa mbele, legeza boliti ya kufunga alteneta, kisha boliti ya kuisogeza, mara nyingi spana 12, mpaka mkanda utoke. Wa nyuma hautoki kabla ya wa mbele. Legeza nati ya puli ya kukazia, kisha boliti yake ndefu. Sugua mifereji ya puli zote kwa brashi ngumu na maji ya sabuni ya unga, suuza, kausha kabisa. Petroli usitumie, inashambulia mpira wa puli. Nunua mkanda kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa wa zamani: 5PK880, kwa mfano, ni mbavu 5, umbo la PK, urefu mm 880. Tofauti ya milimita kumi inaweza kuimaliza nafasi yote ya kukazia. Ukiuvalisha, pitisha kidole kila puli uhakikishe hakuna ubavu ulioruka mfereji, kosa hili linaua mkanda siku ileile. Usiupenyeze kwa bisibisi. Ukigoma, alteneta haijasogea vya kutosha.

Kaza hadi mm 7 hadi 9, funga boliti ya alteneta, pima tena, kwa sababu kufunga huko hubadilisha mkazo kidogo. Washa dakika 5, zima, pima tena kwa kipimo cha mkanda uliotumika. Rudia baada ya kilomita mia tatu hivi. Hapo ndipo fundi wako wa kwanza alipokosea, kama alikosea.

Mikanda ya siku hizi hutengenezwa kwa mpira usiopasukapasuka kama ule wa zamani. Unaweza kuwa hauna ufa hata mmoja na bado umekwisha, kwa kuwa mbavu zimepungua unene taratibu kama tairi. Usiupime kwa macho tu, linganisha mbavu zake na za mkanda mpya dukani.

Mkanda wa mbele ukikatika njiani, taa ya betri itawaka na stelingi itakuwa nzito, lakini itakata. Wota pampu ya EJ20 inazungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo maji yataendelea kuzunguka. Ila feni za rejeta zinakula betri isiyojazwa. Zima A/C na redio, macho kwenye geji ya joto, simama mahali salama pa karibu.

Mwite fundi aje ulipo, au gari livutwe bila kuwashwa, kama puli inacheza ukiitikisa, kama umeona unga mwekundu nyuma yake, au kama oili inatoka kifuniko cha taiming. Ukimpata, muulize jambo moja kabla hajafungua kitu: ana toki renchi, na boliti ya krenki ya gari hili ataikaza kwa kipimo gani? Asiyekuwa na jibu la namba usimpe kazi hii.